Matete Tuliyoyang'oa Ili Tuonekane

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu, mpaka mke wangu anauliza kama mimi ni mzima.

Nilikuwa mwalimu kijana hapa Kamina. Tulikuwa na kikundi cha kupiga kafi, walimu na makarani, mitumbwi mitatu na jezi za njano. Siku hiyo tuliwaalika watu wa kanisa waje kutazama mashindano, lakini ukingo wa mto ulijaa matete marefu na aliyekaa pale hakuona kitu. Mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti, tena nilipenda sana kuonekana. Nikaamuru matete yote yang'olewe na mizizi yake, yachomwe. Tukajisifu kwamba sasa pale ni safi.

Wageni walipofika nikasimama ukingoni na kravati yangu kutoa hotuba. Sikufika sentensi ya tatu. Udongo uliokuwa umeshikwa na mizizi ile ulimeguka, nikazama kwenye tope hadi kiunoni. Kwaya nzima ilishindwa kuimba kwa kicheko.

Mtu mmoja hakucheka. Mama Ngoie, mjane, alilea watoto wanne kwa samaki aliowatega kwa kitunga, kile kikapu cha kuvulia, ndani ya matete yale yale. Alinyoosha mkono anivute, akasema polepole:

"Mwalimu, ile matete njo nyumba ya samaki. Banatagaka mayayi mule. Muliivunja juu ya bantu baone kravati yako. Sasa miye nitatega wapi?"

"Tutapanda ingine, mama."

"Njo uanze. Uko mu matope tayari."

Tulianza Jumatatu. Tulichukua vichipukizi vyenye mizizi kutoka upande wa juu wa mto, kidogo kidogo, na mzigo wa kwanza niliufunga kwa kravati ile ile. Misimu miwili ya mvua ilipita kabla samaki hawajarudi. Muda wote huo mama yule alitembea mwendo mrefu kwenda kutega kwingine, kitunga chake kichwani, na hilo siwezi kulicheka, linaniuma hata leo.

Nimesikia kikundi chenu kinataka kusafisha ukingo kwa ajili ya mashindano yenu. Msiguse matete, mwanangu. Piteni ile njia nyembamba tuliyoiacha sisi katikati ya matete tulipoyapanda upya, mtumbwi mmoja nyuma ya mwingine. Mtumbwi ukitoboka, uzibeni kwanza. Msikimbilie kukata mti wa kuchonga mwingine. Chupa za maji mlizokuja nazo, rudini nazo mjini kwenye baiskeli zenu. Samaki wanapotaga, kaeni katikati ya mto. Watazamaji wasipowaona, basi waimbieni, watajua mpo.

Siku hizi anayetega pale ni binti yake Mama Ngoie, kwa kitunga kile kile. Mkimfikia punguzeni mwendo, mumsalimie vizuri. Mungu awape mikono isiyochoka na ushindi wa kujivunia, na kila mnapopita pale, mkikute kitunga cha mama yule kimejaa.