Kambale Aliyekaukia Majini

Nianze na waliokuwapo, mwanangu, maana habari isiyo na majina hupotea njia. Alikuwapo mama yangu Leokadia. Alikuwapo kaka yangu Polikarpo, kifungua mimba wa nyumba yetu, katekista. Shangazi Sabina, dada wa baba. Na binti yangu Gaudensia, ambaye ninyi leo mnamwita mama, wakati huo kigori tu. Wengine walijaa uani, majirani na wakwe kutoka Katandala. Naikumbuka siku ile kwa baridi yake. Tulikuwa tumetoka kumzika baba, Mzee Kasiano.

Baba alilima ulezi kama watu wote wa huku juu, lakini moyo wake ulikaa ziwani. Ulezi ukishaingia ghalani, huyo! Anashuka bondeni na ufito wake na ndoano, anapita Mtowisa, mpaka Ziwa Rukwa. Siku alizopata, alileta perege. Siku alizokosa, nazo zilikuwa nyingi, Mungu amrehemu, alipita sokoni akanunua kambale mkavu, akamtunga kwenye ndoano, akaingia nyumbani anaimba.

Mama humuuliza, "Baba Polikarpo, huyu umemvua ameshabanikwa?"

"Aa, mama Polikarpo! Bondeni kuna joto, hata samaki wanakaukia majini."

Tulicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza tunasikia. Aliyecheka kuliko wote ni Gaudensia. Babu yake alimwita mke mdogo, na bibi yake akamwita mke mwenza.

Basi, siku ile ya maziko mama hakulia. Tangu baba akate roho hakusema neno, wala hakutia kitu kinywani. Uji ulipoa, ukapashwa moto, ukapoa tena. Shangazi Sabina akaninong'oneza, "Huyu tusipomrudisha, tutachimba kaburi la pili."

Mara Gaudensia akatoka ndani. Amevaa koti la babu yake linaburura chini, kofia imemfunika masikio, ufito begani, na kwenye ndoano ananing'inia kambale mkavu wa jikoni. Anachechemea mguu wa kushoto kama babu yake, anaimba kwa sauti nzito. Mjukuu ni mtani wa babu, mwanangu, na kwetu mtani ana ruhusa yake msibani. Lakini kaka Polikarpo aliwaonea aibu wakwe. Akasimama na fimbo.

"We mtoto! Babu yako hajapoa hata kaburini!"

Shangazi akamshika mkono. "Kaa chini, Poli. Ukatekista wako uache kanisani. Huyo anamlilia mume wake, wewe yanakuhusu nini?"

Akina mama wakaficha vicheko kwenye khanga. Gaudensia akafika mkekani, akamnyooshea bibi yake yule samaki.

"Mama Polikarpo! Nimerudi. Pokea, nimemvua sasa hivi."

Mama akamtazama kambale, akaitazama ile kofia.

"Umemvua ameshabanikwa?"

"Bondeni kuna joto, mama Polikarpo. Hata samaki wanakaukia majini."

Mama akacheka. Akacheka hadi kicheko kikageuka kilio, kile kilio alichokuwa amekifungia. Alipotulia akajifuta macho, akasema, "Mpike basi, mke mwenza. Tule." Na akala, huku kaka Polikarpo mwenyewe, fimbo kaiweka chini, akimtolea miiba.

Mwanangu, msiba wa wengi ni harusi. Usimfukuze mtani msibani kwa kuogopa wageni, hujui amebeba dawa ya nani. Nawe ungali hai, cheka na watu wako hata siku uliyorudi mikono mitupu, uwaachie cha kukuigiza. Samaki huoza, wema hauozi. Kwa baba yule nashukuru kila niamkapo, na kwa mama niliyebaki naye miaka mingi baada ya siku ile. Mungu akupe nyumba yenye kicheko, na wajukuu watakaolivaa koti lako bila woga.

Nimesema alichechemea mguu wa kushoto. Kama ulikuwa wa kulia, au kuna jina nililoliruka, wewe unayekumbuka vizuri nisahihishe mapema. Nisije nikamkuta baba huko aliko, akanidai mguu wake.