Ngwala ya Msumbwa

Vijijini kusini mwa Shinyanga hakuna aliyewahi kumwangusha Bujiku kwenye mieleka, mpaka mwaka 1936, siku ya gulio, alipokutana na Maganga, Msumbwa aliyekuwa njiani kwenda kuchimba dhahabu Geita. Bujiku alijikuta chali kabla hajajua ameshikwa wapi. Badala ya kununa, alimkaribisha mgeni nyumbani, akamwomba amfundishe.

"Wewe unasukuma tu kama fahali," Maganga alimwambia. "Ngwala hii haitaki hivyo. Mvute kifuani, zungusha mguu nyuma ya wake, halafu shuka naye. Ukiogopa kuanguka, hutamwangusha mtu."

Maganga alipoendelea na safari, vijana wenye nguvu waliondoka naye. Bujiku akabaki na ngwala mpya, bila mtu wa kufanya naye mazoezi. Ndipo mkewe, Mageni, mwanamke wa mabega yaliyokomazwa na jembe la pamba, alipoikaza kaniki yake kiunoni akasema, "Kwani mimi sina mifupa?"

Basi kila jioni, ng'ombe wakishaingia zizini, walishuka mtoni penye mchanga. Zamani mazoezi ya Bujiku yalikuwa kukimbia na kubeba magogo tu. Sasa alianza na kushika, kisha mguu, kisha kushuka, polepole, mpaka mwili ukajua wenyewe. Mageni ndiye aliyesema, "Mguu umechelewa," au, "Haya, tena." Walicheka sana pale mchangani. Walikuwa wameoana muda mrefu bila mtoto; wenzao wote waliitwa Baba fulani na Mama fulani, wao bado waliitwa kwa majina yao. Jioni zile walisahau.

Siku moja Mageni alichelewa kuinuka. Alikuwa ameshika tumbo.

"Nilisubiri niwe na hakika," alisema, "ndipo nikuambie."

Kesho yake mimba ilitoka. Mkunga, bibi Paskazia, aliwaambia kwamba mimba nyingine hutoka hata kwa mwanamke aliyelala kitandani. Walimsikiliza kwa heshima. Hakuna aliyemwamini.

Baada ya mavuno, Mageni mwenyewe alimhimiza mumewe aende mashindanoni. Bujiku alimvuta mpinzani kifuani, mguu ukaenda mahali pake bila kuitwa. Hapo hapo mikono ikalegea. Akabwagwa mbele ya kijiji kizima.

"Ulikuwa umeshamweza," Mageni alisema wakirudi. "Mbona umemwachia?"

"Nilisikia mgongo wako ukigonga chini."

Tangu siku ile Bujiku hakuthubutu hata kumgusa mkono. Mlangoni alimpisha kama mtu anayempisha mama mkwe. Mageni alivumilia mpaka mvua za kwanza, akafunga mzigo wa kurudi kwa wazazi wake Kahama.

"Mimi sikulaumu," alimwambia. "Lakini siwezi kuishi na mtu anayeniogopa."

Bujiku alimbebea mzigo hadi njia panda. Mageni aliupokea, akajitwisha mwenyewe, akaenda. Bujiku alisimama pale mpaka mvua ikamlowesha, kisha akarudi kukamua ng'ombe.