Kayaki Fupi ya Mume Wangu

Nilikuwa na wivu. Ninaliandika hilo mwanzoni ili msomaji asipoteze muda kunitafutia jina zuri zaidi. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Iringa mjini. Ni Mwislamu kama mimi, afya anayo, duka linakwenda. Akitaka mke wa pili, hakuna cha kumzuia isipokuwa uso wangu. Kwa hiyo daktari alipomwambia apunguze tumbo, naye akaamua kwenda kupiga kasia kila Jumapili kwenye bwawa moja la Mufindi, katikati ya mashamba ya chai, sikuuliza habari za tumbo. Niliuliza anakwenda na nani.

Alisema wako wenzake watano. Wanne niliwajua. Wa tano alikuwa mwalimu wa chuo, mjane, Mnyakyusa aliyekulia ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mwenye kayaki yake mwenyewe, kile kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, ndefu ya kijani. Mume wangu alikuwa bado anaazima. Akirudi nyumbani, midomo haitulii. "Yule dada anakata maji, we acha tu." Mezani yule dada, kwenye gari yule dada. Na mwanamke naye alimwita kaka. Nilimsikia kwenye simu, kaka hivi, kaka vile, utadhani walinyonya ziwa moja. Kaka wa namna hiyo nawajua. Shangazi yangu aliolewa na mmoja.

Ndipo ikaja habari kwamba kuna mzungu Mbeya, kule Uzunguni, anahama na anauza kayaki mbili. Mume wangu akapanga kwenda kuchagua moja. Nikasema twende wote. Alishangaa sana, maana mimi hata mvua siipendi.

Zilikuwa zimelazwa kwenye nyasi uani, moja nyekundu, nyingine ya bluu. Mume wangu akatoa tepu mfukoni, akazipima kama anayepima nondo: nyekundu futi kumi, ya bluu futi kumi na nne. Yule mzungu alikuwa mkweli, na Kiswahili chake kilikuwa safi. Alisema ile fupi ni nyepesi kubeba na inageuka upesi, lakini haishiki njia. Ukipumzisha kasia kidogo tu, inaanza kutazama pembeni. Ile ndefu inanyooka na kwenda mbali bila kukuchosha, ila kuigeuza kunataka nafasi.

Mume wangu aliipapasa ile ndefu. Mimi nikaona kitu kingine kabisa. Nikaziona kayaki mbili ndefu, ya bluu na ya kijani, sambamba, zikienda mpaka kwenye kona ya bwawa ambako michai inaziba macho ya watu. Nikaamua kwamba kwa ile fupi hatafika huko. Atazungukazunguka karibu na ukingo, nitamwona.

"Chukua fupi," nikasema.

"Mama watoto, wewe unajua nini kuhusu haya madude?"

"Najua gari letu. Hiyo ndefu itaning'inia nyuma, trafiki watatusimamisha kila kituo mpaka Iringa. Na mgongo wako huo, nani atakusaidia kuibeba?"

Nilipouliza hivyo, jibu lilinijia lenyewe, limevaa jaketi la kuelea, linamwita kaka. Nikazidi kung'ang'ania. Fupi, fupi, fupi, mpaka mwenye mali akageuka kutazama maua yake kwa aibu. Mume wangu alikubali kama mtu anayetaka tu kelele ziishe. Njiani nilikuwa na furaha ya ajabu. Tulipofika Makambako nilimnunulia karanga za kuchemsha, nikammenyea mwenyewe.

Jumapili iliyofuata nilikwenda naye Mufindi. Nikakaa ukingoni, kitenge mabegani, baridi inanitafuna masikio. Wakaingia majini wote sita. Wanne wakaondoka kasi, wakapotea konani. Mume wangu akapiga kasia kulia, pua ikaenda kushoto; akapiga kushoto, ikaenda kulia. Alitoka jasho kwenye baridi ile. Nikajipongeza.

Halafu ile kayaki ya kijani ikasimama. Yule mwanamke alilaza kasia mapajani, akageuza shingo, akamsubiri. Mume wangu alipomfikia wakacheka, wakaongea. Wakaenda kidogo, akaachwa, akasubiriwa tena. Mara nne nilihesabu. Kwenye kona alimsubiri kwa muda mrefu zaidi, kisha wakapotea wote wawili, nyuma ya watu wote. Nilijipalia makaa mwenyewe, na nilikaa pale nikiungua mpaka wale wanne wakarudi, wakabadili nguo, wakamimina chai.

Wale wawili walikuja baadaye. Yule mwanamke akanijia moja kwa moja, akanipa mikono miwili.

"Wifi, karibu! Ila wifi, hii kayaki ya kaka ni fupi mno jamani. Alipokuwa na ile ya kuazima, kila mtu alikuwa anakwenda zake, tunaonana wakati wa chai tu. Sasa inabidi nimsubiri."

Nilimchunguza usoni nione hila. Sikuiona, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mume wangu alikuwa anajifuta jasho, macho yanang'aa.

"Lakini umechagua vizuri, mke wangu," akasema. "Siku zote nilikuwa nakimbia tu peke yangu huko mbele. Leo nimepata mtu wa kuongea naye."

"Turudi Mbeya," nikasema. "Tukaichukue ile ndefu."

Alinitazama. "Si wewe uliyening'ang'aniza hii?"

Yule mwanamke alikuwa bado hajaondoka. Alisimama palepale, kasia la mume wangu mkononi, akimsubiri amalize kuvua jaketi.