Kiuno cha Manju kwenye Spika

Mkicheka chekeni tu, maana Bariadi nzima imeshacheka na mimi bado nashona, ila leo acha niwasimulie kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa sababu huko stendi kila mtu anaongeza chumvi yake.

Mimi ni fundi cherehani, na kikundi cha ngoma cha Zagayu walinipa kazi ya kuwashonea sare za mashindano. Ngoma zetu mnazijua: vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, hawa huku na wale kule, watazamaji wanakimbilia kunakonoga, na kikundi kikibaki na mbwa na mtoto anayelia, basi kimeshindwa. Ndiyo maana wimbo mpya unafichwa mpaka siku yenyewe. Masunga, manju wao, yaani mtunzi na kiongozi, alikuwa ametunga wimbo wa mama yake, mjane aliyemlea yeye na ndugu zake kwa kulima pamba na jembe la mkono, na mama mwenyewe alikuwa hajausikia. Masunga alitaka ausikie uwanjani, mbele za watu.

Mimi nikausikia siku ya kwenda kuwapima. Jamani! Tepu ilinidondoka, mwili ukanisisimka, nikaona nikikaa na wimbo ule peke yangu nitapasuka. Nikaificha simu chini ya vitambaa nikamrekodia wifi yangu Kabula wa Mwamanyili, wifi mmoja tu (nyimbo zote kwenye simu yangu nimerushiwa na watu, sijawahi kumwomba mwimbaji hata mmoja ruhusa, sikuona huu una tofauti gani). Na kwa kuwa mdomo wangu hauna kufuli, nikaanza na maelezo kwa kunong'ona: "Wifi, sikiliza, ila usimtumie mtu. Nimetoka kumpima manju kiuno, kimekuwa gunia la pamba, tepu imeniishia! Haya, sikia sauti hiyo."

Wifi akamtumia dada yake tu. Dada akarusha kwenye kundi la ukoo tu. Kwenye kundi la ukoo kuna mpwa wao anayewaingizia watu nyimbo kwenye memori kadi mnadani, na hapo hizo "tu" zikaisha.

Siku ya mashindano nimesimama mbele kabisa, gauni langu la kitambaa kilekile cha sare, napiga vigelegele kuwashinda ndugu wa manju. Mama yake kakaa kwenye kiti cha plastiki na kanga mpya. Masunga anainua usinga wake ili aanze, na upande wa pili spika ya wapinzani ikawaka. Nikasikia sauti ninayoifahamu.

"Wifi, sikiliza, ila usimtumie mtu..."

Nilitafuta shimo la kuingia nikalikosa. Kiuno kikatajwa, gunia likatajwa, uwanja ukalipuka kwa kicheko, watu wakatimka kwenda kule hadi vumbi likapanda, halafu wimbo wa Masunga ukaanza kutoka kwenye spika, unakwaruza. Mama yake akageuza shingo kuufuata. Akawa anamtafuta mwanawe kule kwenye spika, na mwanawe yuko mbele yake. Hapo ndipo nilipoanza kulia kweli.

Masunga akaniangalia. Akashusha usinga, akavuta pumzi, akaanza wimbo ambao dakika moja nyuma haukuwepo duniani: fundi wa Bariadi amepima kiuno cha watu, mdomo wake nani ataupima? Wachezaji wakadaka kiitikio, miguu ikatikisa ardhi, na watu haoo, wakarudi mbio! Hata wapinzani walizima spika wapate kusikia ninavyochambwa. Na mimi nikapiga vigelegele (ningefanyaje, wimbo ulikuwa mtamu). Tukashinda.

Sasa wimbo wa mdomo wangu uko kwenye kila simu. Nilimfuata yule kijana wa memori kadi nikamwambia aufute, akanijibu, "Mama fundi, si ulianza wewe?"

Juzijuzi mama yake Masunga akaja dukani. "Mwanangu, ule wimbo wangu unao? Masunga amekataa kuuimba, anasema umeshachakaa."

"Mayu, mama yangu, niliufuta."

Akakunja kanga yake. Kijana wa memori kadi, siku isiyo ya mnada, yuko mlango wa tatu kutoka kwangu, angemwekea mara moja, na mikono iliniwasha, nakiri. Nikafunga duka. Tulipanda bodaboda wote wawili mpaka Zagayu, nikapiga magoti mlangoni kwa Masunga nikamwomba amwimbie mama yake.

Akanitazama weee. "Simu iko wapi?"

Nikamkabidhi. Akaizima, akampa mama yake aishike, akaimba.

Siwaambii ulivyokuwa. Mkitaka kuusikia, nendeni mkamwombe mwenyewe.