Niliokota Habari Kwenye Simu, Jirani Yangu Akakosa wa Kumbeba

Nimekosa, ndugu zangu. Sina namna nyingine ya kuanza. Nilimharibia jirani yangu jina, yeye pamoja na baba yake aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Sikutumia panga wala sumu. Nilitumia simu, nimekaa kwenye kiti, nakunywa chai.

Ninaandika kwa Kiswahili makusudi. Kanisani kwetu, huku upande wa Bwera mpakani na Kongo, tunasoma Lhukonzo, lugha yetu, na Kiingereza, kwa hiyo wengi niliowakosea hawatayaona haya mapema. Mnaona? Hata kuungama kwenyewe naungama nikiwa nimejificha.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kanisa letu lilipokuwa likijiandaa kwa jubilei, iliundwa kamati ya kuandika kijitabu cha historia ya kanisa na ya watu wa Karambi, mahali petu. Mwenyekiti alikuwa mwanajeshi mstaafu ambaye sote tunamwita Afande. Mimi nikafanywa katibu, maana nina kompyuta na ilisemekana najua kutafuta mambo kwenye intaneti. Nilivimba kichwa kweli kweli!

"Mwalimu, wewe andika tu," Afande aliniambia. "Hapana leta maneno mingi. Jubilei iko karibu!"

Sehemu moja ilinisumbua. Zamani, siku za vita, watu wetu walijificha kwenye pango huko juu mlimani, na askari wakawakuta humo. Wengi hawakutoka. Kila mtu hapa anajua kwamba kuna aliyewaonyesha askari njia, lakini wazee hawamtaji. Ukiuliza, wanabadilisha mazungumzo wanakuuliza habari za kahawa.

Katekista alinivuta pembeni akaniambia, "Kuna bibi mmoja kule Kyarumba, Bibi Kabugho. Alikuwa ndani ya lile pango, msichana mdogo. Nenda umuulize yeye."

Kyarumba! Mnazijua njia za kule? Ni mtelemko na tope, na kila unayekutana naye ana mzigo kichwani, inabidi umpishe ukiwa umeng'ang'ania majani. Nikasema nitakwenda Jumamosi. Jumamosi mvua ikanyesha. Jumamosi iliyofuata nikasema nina mitihani ya kusahihisha. Baada ya hapo nikatoa simu.

Nilipata ukurasa mmoja, wa ile aina ambayo mtu yeyote anaweza kuufungua akaandika lake. Humo iliandikwa kwamba kijana wa Karambi aitwaye Masereka ndiye aliyewaongoza askari hadi pangoni. Pembeni ya sentensi hiyo palikuwa na alama ndogo ndani ya mabano, ikisema chanzo kinahitajika.

Niliiona ile alama! Nataka mjue kwamba niliiona. Nilishuka hadi chini kwenye orodha ya vyanzo, nikakuta hakuna kitu juu ya jambo hilo, nikapanda tena juu na kuendelea kunakili.

Ili nijiridhishe, nilitafuta kwingine. Nikakuta tovuti ya watu wanaopeleka watalii mlimani, blogu ya mtu nisiyemjua, na kazi ya mwanafunzi wa chuo. Zote zilimtaja Masereka wa Karambi. Nilifurahi sana, nikaona nimepata mashahidi. Sikujali kwamba maneno yalikuwa yale yale hadi kwenye mkato na nukta. Mimi, ambaye kila muhula nakamata wanafunzi waliokopiana kwa sababu wamekosea mahali pamoja!

Sasa lazima niwaeleze kitu, kwa wale wasiotujua. Kwetu mtoto hupewa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa. Mvulana wa tatu ni Masereka, wa tano ni Thembo. Kila nyumba yenye wavulana watatu ina Masereka wake. Darasani kwangu nikiita Masereka bila kuongeza jina la pili, wanaitika kutoka pande zote. Kwa hiyo kusema "Masereka wa Karambi" ni kama hujasema kitu, na hilo hata mtoto mdogo wa kwetu analijua.

Nililijua pia. Lakini sentensi ilionekana kupwaya. Ilihitaji mkia kidogo ili isomeke vizuri. Basi nikaongeza maneno yangu mwenyewe: "ambaye familia yake bado inalima kahawa chini ya kanisa."

Chini ya kanisa kuna familia moja tu inayolima kahawa. Ni ya Mzee Thembo, jirani yangu wa ua kwa ua, na baba yake aliitwa Masereka. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba ni huyo. Niliunganisha mwenyewe, nikaisoma sentensi kwa sauti, nikaipenda.

Ee Mungu wangu!

Kijitabu kilichapishwa Kasese mjini, jalada la kung'aa, bila jina langu, imeandikwa "Kamati" tu. Siku ya jubilei Afande alisimama mbele akakisoma kwa sauti ya gwaride. Alipofika kwenye mstari ule vichwa vyote vikageukia benchi la mbele. Mzee Thembo alikuwa amekaa mbele, amevaa koti lake la sikukuu. Aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka. Mkewe, Mama Biira, akamfuata. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali wangemtukana! Salamu tu zilifupishwa. Msimu wa kuchuma kahawa ulipofika, waliozoea kumsaidia wakawa na shughuli nyingine. Kanisani benchi lake likabaki na nafasi pande zote mbili.

Siku moja alinikuta kwenye ua. Mzee Thembo alizungumza nami Kiswahili mara nyingi, kile cha upande wa Kongo, na mimi nilizoea kumtania nacho.

"Mwalimu, weye unasomaka bitabu," alisema. "Ile mambo ya baba yangu, nani aliandika?"

"Kamati, mzee."

"Na kamati ilitosha hii habari wapi?"

"Kwenye intaneti."

"Intaneti ilimujua baba yangu namna gani?"

Nilimwambia nimechelewa kipindi. Nikaondoka haraka, na wala sikuwa na kipindi asubuhi ile.

Huku kwetu mgonjwa akizidiwa, filimbi inapigwa na kila nyumba inatoa mwanaume. Tunambeba kwa machela hadi barabarani, tukipokezana, kwa sababu gari haliwezi kupanda. Hakuna anayeombwa. Ukisikia filimbi unaacha jembe, unakwenda.

Asubuhi moja Mzee Thembo alizidiwa. Filimbi ya nyumbani kwake ilipolia, mvua ilikuwa inanyesha. Nilifika nikakuta machela imelazwa uani na wanaume wachache mno wamejibanza chini ya paa. Mmoja wa wasiokuja alimtuma mtoto aseme mguu unamuuma. Mwingine alisema ana mgeni. Mama Biira akapiga filimbi tena kwa kinywa chake mwenyewe, akapiga tena, na ile milango niliyokuwa naiona toka pale haikufunguka.

Tukambeba hivyo hivyo. Hapakuwa na wa kupokezana naye, kwa hiyo kila mara tulitua, tunapumua, tunapanguza tope miguuni, tunainua tena. Mimi nilikuwa upande wa kichwa chake. Alifungua macho akaniona.

"Mwalimu," alisema, "angalia tena. Kwa ile intaneti. Angalia muzuri."

Nikamjibu, "Nitaangalia, mzee."

Alifika hospitali akiwa hai, lakini hakumaliza siku ile. Daktari alisema tumechelewa kumleta. Hakuuliza kwa nini, na hakuna kati yetu aliyemweleza.

Baada ya mazishi ndipo nilipokwenda Kyarumba. Sasa miguu ilipatikana! Bibi Kabugho nilimkuta kwenye kibaraza anachambua maharage. Aliwahi kuuza kahawa ng'ambo ya mpaka kwa miaka mingi, na aliponisikia nababaika kueleza shida yangu kwa woga, akanijibu kwa Kiswahili cha huko Kongo.

"Masereka baba ya Thembo?" aliuliza. "Ule hakukuwa huku. Ye na bibi yake walikuwa Kongo ile miaka yote. Thembo alizaliwa kule. Hausikie namna alikuwa anasema?"

Kile Kiswahili nilichokuwa nakitania kwenye ua kila siku! Mtu alikulia Kongo kwa sababu familia yake ilikuwa Kongo. Jibu lilikuwa linanisalimia kila asubuhi, na mimi nimeinamisha kichwa kwenye simu.

Nikamuuliza, "Basi bibi, ni nani aliyewaonyesha njia?"

Aliendelea kuchambua maharage. "Jina ninaijua. Sitakupatia."

"Kwa nini, bibi?"

"Batoto yake beko. Bana batoto yabo." Yaani watoto wa mtu huyo wapo, nao wana watoto wao. Kisha akanitazama. "Mimi niko hapa siku zote. Mbona haukukuja?"

Ningemjibu nini? Kwamba kulikuwa na tope?

Nilimwendea Afande nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, kitabu imekwisha toka. Mzee amekwisha zikwa. Unataka kanisa ipate aibu? Nyamaza. Hiyo ni amri." Nami nikatii, kama vile nimewahi kuvaa magwanda.

Nikajisemea, angalau nirekebishe kule kwenye ukurasa. Nikaufungua. Ile alama ya kudai chanzo haikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na namba ndogo. Nikaibonyeza, ikanipeleka chini, na huko nikakuta jina la kijitabu chetu. Na sentensi ilikuwa imeongezwa mkia: ambaye familia yake bado inalima kahawa chini ya kanisa.

Ndugu zangu! Mimi niliutoa uongo kwenye ukurasa ule, na ukurasa umeurudisha kwangu, safari hii mimi ndiye shahidi wake!

Niliufuta mstari. Ukarudi. Nikafuta tena, ukarudi tena, na mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, akaniandikia kwa adabu kwamba nisiondoe habari yenye chanzo kilichochapishwa. Nikamweleza kwamba aliyeandika chanzo hicho ni mimi na nilikosea. Akauliza kama nina chanzo kingine kilichochapishwa kinachosema hivyo. Ninaye Bibi Kabugho wa Kyarumba, na yeye hajachapishwa popote.

Tangu siku hiyo sina raha. Bega langu bado linausikia ule mti wa machela, hata nikiwa nimesimama ubaoni na chaki mkononi. Mwanafunzi akinyoosha mkono na kusema "Mwalimu, nimeangalia kwenye intaneti," nageuka kufuta ubao.

Na Mama Biira ndiye anayenimaliza. Yeye hajui nani aliandika. Anajua tu kwamba mumewe, kwenye machela, aliniomba kitu na mimi nikakubali. Wiki chache baada ya matanga alikuja kwangu na karoti za bustani yake, akanisomea namba za kadi ya muda wa maongezi aliyoinunua sokoni.

"Weka bundle, mwalimu," alisema. "Bwana yangu alisema weye utaangalia tena. Utafute fasi moja tu, pahali moja tu, kwenye banasema kweli juu ya mukwe wangu. Hata mustari moja."

Nilipokea. Nilipokea, jamani! Nikasema asante, mama. Sasa kila siku ya soko akipita anasimama kwenye ua, pale pale aliposimama mumewe, anaita, "Mwalimu, umepata?" Nami naitikia, "Bado, mama."

Ninyi mnaoandika, wanafunzi, watangazaji, makatibu wa kamati kama mimi, nawaomba kwa jina la Mungu. Ukiiona ile alama inayosema chanzo kinahitajika, simama hapo hapo. Kurasa zikikubaliana hadi kwenye mkato, uliza nani alianza kusema. Usiongeze mkia kwa sababu sentensi imependeza. Na kama yupo mtu aliyekuwepo, na bado anapumua, funga viatu upande mlima hata kama kuna tope.

Nilianza kuandika haya nikiwa na ujanja wangu mmoja. Nilijiambia, yakichapishwa, yatakuwa ndicho kile chanzo kinachodaiwa. Mama Biira atapata mstari wake: Masereka aliyelima kahawa chini ya kanisa hakuwa Karambi siku zile, alikuwa Kongo na mkewe, na hakumwonyesha mtu yeyote njia.

Lakini kijitabu kilikuwa na kamati nyuma yake; ungamo la mtu mmoja lisilo na jina halikubaliki kuwa chanzo. Kanuni hiyo naijua vizuri, naifundisha mwenyewe. Kwa hiyo nimeacha nafasi ya jina langu hapa chini, na toka asubuhi kalamu iko mkononi.

Leo ni siku ya soko. Namsikia Mama Biira kwenye ua, anaita.

"Mwalimu, umepata?"