Koti la Kukaa Mlangoni

Ilikuwa mwaka ule maji yalipobeba daraja la chini. Hapana, naanza vibaya. Daraja lilibebwa mwaka uliofuata. Nakumbuka kwa sababu jeneza la mdogo mtu nitakayemsimulia lilipita juu yake, na mbao zake zilikuwa bado zinalia vilevile kama siku zote. Basi turudi nyuma mwaka mmoja, mwaka wa nguruwe pori.

Nguruwe walikuwa wamezidi. Walitoka makorongoni wakaingia kwenye mahindi na viazi kama watu walioalikwa, na asubuhi ukifika shambani unakuta limelimwa upya, ila kwa pua. Halmashauri ikawaita wawindaji wake wawili, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Mkubwa aliitwa Nyatu, kwa sababu alinyata hata akienda msalani. Mdogo hakupewa jina la utani. Watu walimwita mdogo wake Nyatu, basi, na wengi walidhani atazeeka hivyohivyo.

Namna yao ya kuwinda ilikuwa hivi. Nchi ile ni ya mawe, miiba na mabonde yaliyokatika ghafla kama yamepigwa shoka. Nguruwe akisukumwa hakimbii ovyo. Ana upenyo wake kati ya majabali anakotokea, na wawindaji huuita mlango. Nyatu alizunguka kwa chini, akigonga miti kwa fimbo na kukohoa kwa makusudi, akiwasogeza wanyama taratibu. Mdogo wake alikaa mlangoni na bunduki. Mmoja alikuwa na miguu, mwingine alikuwa na shabaha. Sasa anayetembea hupata joto hata mvua ikinyesha. Anayekaa mlangoni hana ruhusa hata ya kujikuna.

Na mdogo mtu kikohozi chake hakikuwa cha makusudi. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu utotoni. Msimu uliotangulia alilowa akalazwa, na daktari wa zahanati, mtu mwenye ulimi mkali lakini mkono mwepesi, alimwambia Nyatu barazani, "Huyu akilowa tena mpaka mifupani, usimlete kwangu. Mpeleke moja kwa moja kwa seremala."

Mama yao alisikia. Kwa hiyo halmashauri ilipoita, alisimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi.

"Nenda wewe. Wewe una kifua cha ng'ombe. Huyu nilimzaa kabla ya siku zake, haendi."

"Mama, peke yangu siwezi kuwinda."

"Tafuta mtu mwingine wa kukaa huko mlangoni."

"Nani? Nitembee mbele ya mdomo wa bunduki ya nani, mama? Nani nimwamini hivyo?"

Mama alijua mtu wa namna hiyo hapatikani kwa kutangaza. Nyatu akaona upenyo, akaingia.

"Nitamtafutia koti la mvua, mama. Si koti, nyumba. Atakaa ndani yake kavu kama wewe hapo jikoni."

"Nyumba zinavuja."

"Hii haitavuja. Naapa."

Mama alimnyooshea mwiko. "Umeapa wewe," akasema. "Mimi sijasema kitu." Akarudi kwenye sufuria yake. Hivyo ndivyo ruhusa ilivyopatikana, na nataka msomaji aikumbuke, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalining'inia kwenye koti.

Wakaenda mjini kwenye duka moja la vifaa vya kazi, lenye harufu ya mpira mpya na dawa ya nondo, makoti yamening'inia mpaka darini. Muuzaji alikuwa mama mnene aliyekaa kwenye kigoda akipepewa na feni iliyopinda shingo. Aliwaletea kwanza koti la manjano la wajenzi, zito, la mpira mtupu.

"Hili hata ukiingia nalo kisimani unatoka na vumbi lako."

Nyatu alishika mkono wa koti, akausugua karibu na sikio huku amefumba macho. Ukalia kama mtu anayekunja bati.

"Halifai, dada. Akiinua bunduki, nguruwe wote wameshaaga."

"Kaka," mdogo wake akasema, "unachagua koti au unachagua redio?"

Muuzaji akacheka mpaka kigoda kikalalamika. Akaleta la pili, la nailoni, jepesi kiasi kwamba ungeweza kulikunja likaingia mfukoni. Nyatu alitoa kwenye mkoba wake tawi la miiba, alilolikata njiani kwa kazi hiyo.

"Wee baba, ukilichana umelinunua!"

"Nagusa tu."

Aligusa tu, na uzi ukatoka. Wakatazamana yeye na muuzaji, kila mmoja akajifanya hakuona. Koti likarudi darini.

La tatu lilikuwa la kitambaa kizito cha rangi ya majani makavu, kimya kama blanketi. Miiba iliteleza juu yake. Nyatu akaligeuza ndani nje. Hapo ndipo alipokuwa fundi, kuvijua vitu kwa ndani. Akamwonyesha mdogo wake mishono.

"Unaona? Sindano ikipita inaacha tundu, na kila tundu ni njia ya maji. Wengi hawajali. Hawa wamebandika utepe juu ya mshono wote, kama bendeji. Kwapani, mabegani, mpaka kwenye kofia."

Akaomba maji. Muuzaji, ambaye sasa alikuwa anafurahia mchana wake, akampa birika zima. Nyatu akalilaza koti juu ya magazeti, akalikunja katikati likawa kama beseni, mshono wa bega chini kabisa, akamimina. Wakakaa wakisubiri, wakizungumza habari za miguu ya muuzaji iliyokuwa inavimba. Walipoinua koti, magazeti yalikuwa makavu, mtu angeweza kuyasoma.

Ikabaki kofia. Mdogo mtu akaivaa, akageuza shingo kushoto. Kichwa kikageuka, kofia ikabaki ilipo.

"Nimepotea," sauti ikasema kutoka ndani. "Waambieni watoto wangu nawapenda."

Nyatu akakaza kamba ya nyuma, akamwambia ageuke tena. Kofia ikafuata uso. Akampapasa chini ya mikono kuona kama sweta litaenea, akamchuchumalisha, akamwambia apande kwenye kigoda kama anavyopanda mwamba. Alimvalisha mdogo wake siku ile kama mama anavyomvalisha mtoto wa darasa la kwanza, na mtu mzima yule alikubali kugeuzwa huku na huku akitabasamu. Wengine hufa bila kuvalishwa hivyo na mtu.

Muuzaji alipokuwa akilifunga koti alisema jambo moja. "Msilipige pasi tu."

"Nguruwe hawajali makunyanzi," Nyatu akajibu, na wote watatu wakacheka.

Nyumbani wakalitandaza, likashangiliwa. Mama alipitisha kiganja ndani yake kutoka kolani mpaka pindo, akasema tu, "Lina unyevu." Ni kweli, maji ya birika yalikuwa hayajakauka pembeni. Mke wa mdogo mtu alilinusa akasema linanuka duka. Na hilo nalo lilikuwa kweli, na kwa mwindaji ni kosa kubwa kuliko unyevu. Nguruwe haoni mbali, lakini pua yake haina mfano. Kwa hiyo nguo za kuwindia zote za nyumba ile zilifukizwa moshi jikoni kabla ya kutoka. Kulikuwa na kulabu ya juu, karibu na dari, ambako moshi unafika umeshapoa, na huko ilibidi upande kigoda. Na kulikuwa na kulabu ya chini, juu ya moto kabisa, ya kukaushia soksi na matambara.

Nyatu alilitundika koti kwa mkono wake kwenye kulabu ya juu. Akasema, mbele ya mama yake, mke wake na shemeji yake waliokuwa wanamenya viazi, na mdogo wake aliyekuwa anasafisha bunduki, "Lifukizeni vizuri." Halafu akaenda halmashauri kuchukua kibali, akachelewa kurudi. Aliporudi, koti lilikuwa limekunjwa juu ya mkoba, kavu, linanukia moshi mzuri. Kwa nini alifunue? Alikuwa ameshalifunua dukani.

Walitoka kulipokucha. Mvua iliwakuta kwenye korongo la pili, si mvua ya kunyesha, mvua ya kumwagwa. Nyatu mwenyewe alikuwa na kipande cha turubai alichokifunga shingoni, akalowa mpaka chupi, lakini alikuwa anapanda na kushuka kwenye mawe, akitoa mvuke kama punda. Alikuwa na furaha. Kila ngurumo ilipopiga alijisemea, mwenzangu yuko nyumbani kwake, milango imefungwa. Akawasikia nguruwe mbele yake, kundi zima, wakisogea kuelekea mlangoni. Akasubiri mlio wa bunduki.

Haukuja. Nguruwe walipita, akasikia mawe yakiporomoka upande wa pili walikoteremkia. Nyatu alikasirika. Alipanda akitukana, akifikiri mdogo wake amelala.

Alimkuta amekaa mgongo kwenye jabali, bunduki kwenye magoti, mikono inatetemeka kiasi kwamba kidole hakikuweza kuingia penye kifyatulio. Kofia ilikuwa kichwani, zipu imefungwa mpaka kidevuni, kila kitu kilikuwa kama kilivyotakiwa kuwa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Kaka," akasema, akijaribu kucheka, "nyumba yako inavuja."

Nyatu alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Daktari hakurudia maneno yake ya seremala. Alimpokea, akahangaika naye kama mtu anayedaiwa roho. Haikusaidia. Wiki haikuisha.

Yaliyofuata matangani hayakusemwa na mtu mmoja, yalisemwa na nyumba nzima, kwa pembeni, kwa kushusha sauti Nyatu akiingia. Alichagua koti bovu. Alipendelea la kimya ili apate nguruwe. Angechukua lile la manjano. Shemeji yake hakushusha sauti. Alitoka na mfuko wa plastiki uliorudi kutoka zahanati, koti likiwa ndani, akautupa miguuni pake.

"Chukua nyumba yako, shemeji."

Mama alikuwa ameshasema, "Umeapa wewe."

Basi Nyatu akalibeba koti lile mpaka mjini. Alikwenda kugombana. Njia nzima alitengeneza maneno, mengine ya matusi, ambayo hajawahi kumwambia mwanamke. Alimkuta muuzaji kwenye kigoda kilekile, chini ya feni ileile, na yule mama alipomwona akafurahi.

"Baba wa miiba! Mdogo wako hajambo?"

Nyatu alitupa koti mezani. "Limemuua."

Feni ikazunguka. Yule mama hakujitetea. Alilivuta koti, akaligeuza ndani nje, kama Nyatu alivyofanya siku ile, na Nyatu akaona alichokuwa hajakiona. Utepe ulikuwa umebanduka. Mabegani ulijikunja kama ganda la kitunguu, kwapani ulining'inia, na gundi yake ilikuwa imeyeyuka ikakauka tena kwa matone ya njano. Muuzaji akainama, akanusa.

"Baba," akasema polepole, "hili lilipikwa."

"Lilifukizwa. Juu. Kwenye moshi wa baridi."

"Huu si moshi. Huu ni moto. Lilikaa karibu na moto." Halafu akasema kwa sauti ya kuomba radhi, ingawa kosa halikuwa lake, "Niliwaambia msilipige pasi."

Nyatu alitoka bila kugombana. Maneno yote aliyoyatengeneza njiani yalibaki tumboni, na nadhani yapo humo mpaka leo.

Alifika nyumbani wakati wa kupika. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mke wake anapuliza moto, shemeji anachambua mchele. Kulabu zote mbili zilikuwa juu yao, ya juu tupu, ya chini ina soksi za mtoto. Akalitandika koti sakafuni, ndani nje, utepe ukionekana.

"Mimi nilitundika juu," akasema. "Nikaondoka. Nani alilishusha?"

Mke wake alipuliza moto ambao ulikuwa umeshawaka. Shemeji alichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa, kisha akaanza kulia, lakini shemeji alikuwa analia kila saa siku zile, huwezi kujua. Mama akasema, "Mwaka huu kuni zina maji."

Hakuuliza ili amhukumu mtu. Alijua mtu huyo, yeyote yule, alifanya kwa mapenzi: alishika koti lenye unyevu, akafikiria kifua kile, akaona likauke vizuri. Au pengine alikuwa mdogo wake mwenyewe, ana haraka ya kutoka, mkono mmoja bunduki, mkono mwingine koti, hana subira ya kupanda kigoda. Hilo ndilo lililomtesa zaidi, kwamba wote wanne walikuwa wanampenda, na mmoja wao alimwua, na kwa sababu ya mapenzi hayo asingeweza hata kukasirika.

Hakuwinda tena. Halmashauri ikaleta vijana wenye makoti ya manjano yanayolia kama bati, na nguruwe wakaendelea kula. Shemeji akaondoka na watoto wake, akarudi kwao. Nyatu alimuuliza tena kituoni, shemeji mguu mmoja ameshaupandisha garini. Akasema, "Kwaheri, shemeji," neno la kwanza la upole tangu msiba, na halikuwa jibu. Alimuuliza mke wake mara nyingi, wakigombana na wakipatana. Mwisho alimuuliza mama, alipokuwa kitandani hawezi tena kuinua kikombe, naye mwanawe amemshikia.

"Mama, hakuna atakayekulaumu. Wala hakuna atakayelaumiwa. Nataka kujua tu."

Mama alikunywa, akamtazama kwa macho yaliyofifia, akasema, "Funga dirisha, mwanangu, mwenzako atapata baridi."

Koti bado lipo, kwenye kulabu ya juu. Wageni humwuliza Nyatu kwa nini haligawi, kitambaa bado kizima. Yeye huwaambia linavuja, na wakishaenda hukaa chini yake, mbele ya moto, mzee, peke yake jikoni, akiliuliza swali lilelile.

Nani alilishusha?