Banzi Halina Shina

Siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu: nimechutama jikoni kwangu mjini, Mwembesongo, nageuzageuza banzi la mbao mikononi, nisijue upande upi ni shina na upi ni ncha.

Utacheka. Cheka tu, lakini nisikilize. Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea kule Kinole milimani, alinifundisha nikiwa bado mdogo kwamba kuni huingizwa mafigani kwa shina. Mwanamke akianza na ncha, mtoto wake atazaliwa ametanguliza miguu. Basi, hakueleza zaidi, nami sikuuliza. Samaki mkunje angali mbichi, nami nilikunjwa nikakunjika. Nikaolewa, nikateremka mjini, na neno lile nikateremka nalo.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, mambo yalibadilika kila uchao. Maduka yalijaa sabuni, mitumba ikatapakaa kila kona, lakini kiwanda alichofanyia kazi mume wangu Hamisi kikafungwa, tukaambiwa kinatafutiwa mnunuzi. Hamisi hakuwa mtu wa kukaa kijiweni. Akapata kibarua kwenye mashine ya kupasulia mbao, na kila jioni alirudi na mzigo wa mabanzi kichwani, anatabasamu. Nami nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, na banzi, mwanangu, limekatwa sawasawa huku na huku! Nililinusa, nikaichungulia mistari yake, mwisho nikabahatisha. Kila nilipowasha moto niliomba Mungu niwe nimepatia. Mtoto akicheza tumboni, najipapasa: hiki ni kichwa au kisigino?

Tumbo lilipokuwa kubwa, muuguzi wa kliniki alinipima, akapima tena, akasema, “Mama, mtoto hajageuka, amekaa kitako. Usijaribu kuzalia nyumbani. Wiki ijayo njoo na vitu vyako tukulaze hapa.”

Nikaona nimeumbuka. Sikumwambia muuguzi habari za mabanzi, wala Hamisi sikumwambia maneno ya muuguzi. Ningemwambiaje kwamba kuni anazojitwisha kwa ajili yangu ndizo zilizomgeuza mwanawe? Siku ya kulazwa ilipofika nikamdanganya kwamba naenda kusalimia nyumbani, nikapanda gari la ndizi lililokuwa linarudi Kinole tupu. Nilitaka bibi anipe dawa ya kumgeuza mtoto. Njia nzima sikutulia. Gari likidunda, nasema leo nazalia barabarani.

Nilimkuta bibi anamenya ndizi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Na tumbo hilo, umefuata nini huku?”

Nikaangua kilio, nikamweleza yote, mabanzi na muuguzi. Nilitegemea ainuke akachume majani. Akaweka kisu chini, akanikazia macho.

“Zena, mama yako alizaliwa ametanguliza miguu. Na kuni nilikuwa naingiza kwa shina kila siku ya Mungu. Nusura tufe wote wawili humu humu ndani.”

“Sasa mbona uliniambia...”

“Ulikuwa unasukuma kuni hovyo! Ncha inaungua upesi, shina zito linabaki nje. Ukilikanyaga, figa linayumba, chungu kinakumwagikia. Ningekwambia utaungua, usingesikia. Mama yangu alinitisha hivyo hivyo nikatulia, nami nikakutisha wewe. Nilidhani ukikua utaliacha.” Akajifunga kanga kiunoni. “Mficha uchi hazai, mjukuu wangu. Mimi nilizalia hapa kwa kuwa hospitali haikuwepo. Wewe ipo, unaikimbia! Inuka.”

Gari lile lile lilikuwa linapakia ndizi. Tukateremka nalo, na uchungu ukanishika kabla hatujafika mjini. Nikapelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji. Mtoto akatolewa mzima, wa kike. Daktari alisema kule juu asingepona.

Hamisi, aliyepelekewa habari kazini, alipofika mbio, bibi ndiye aliyemweleza, mimi nimejifunika shuka kwa haya. Hamisi akampakata mwanawe. Bibi akamtazama mtoto, akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia. Akasema, “Neno langu lilikaribia kumuua huyu.”

Mwanangu, wazee wako walikupenda, na kwa kukupenda wakati mwingine walikutisha. Usiwadharau kwa hilo. Lakini ukishakuwa mtu mzima, warudie wangali hai, uwaulize: lile uliloniambia, uliniambia kwa nini? Kuuliza si ujinga. Na wewe unayelea, ukimzuia mtoto asiungue, mtajie moto wenyewe, hata kama itabidi useme mara mia. Hofu unayompandikiza leo ataibeba mpaka mahali ambapo wewe hutakuwepo kuing’oa.

Mungu akujalie wazee wa kukaa nao muda mrefu, akupe na kinywa cha kuwauliza. Amina.